Star Trek ya Kwanza (1966–1969): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watazamaji wa Tanga

MISINGI

1. Mnazungumzia Star Trek ipi hasa?

Ile ya kwanza, ya Kirk, Spock na McCoy. Ilirushwa Marekani na kituo cha NBC kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi 3 Juni 1969, siku 47 kabla binadamu hajakanyaga mwezini. Ina misimu mitatu: sehemu 29, kisha 26, kisha 24, jumla 79. Aliyeibuni ni Gene Roddenberry. William Shatner ni Nahodha Kirk. Leonard Nimoy ni Spock, mtoto wa baba wa sayari ya Vulcan na mama wa duniani kwetu. DeForest Kelley ni Dokta McCoy. Meli yao, Enterprise, ina watu 430.

Tamthilia zilizozaliwa baadaye kwa jina hilohilo hazimo humu. Majina ya sehemu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

2. Mkisema sehemu fulani ni nzuri, mnapima kwa kitu gani?

Kwa uamuzi. Mtu mwenye madaraka anabanwa pembeni, anaamua, na uamuzi wake unamgharimu kitu ambacho hakitarudi. Mawe ya kuigiza, milango iliyokuwa ikivutwa na watu waliojificha nyuma ya ukuta, madude ya mpira: hayo hayaingii kwenye hukumu. Mwaka 1966 hakukuwa na kompyuta ya kuchora picha, na walifanya walichoweza.

Kwa hiyo sehemu ambayo mwisho wake kila mtu amerudi kitini anacheka, na hakuna aliyepoteza chochote, tunaishusha daraja hata kama ilituchekesha. Kuna moja tu inayotuvunjia kanuni hiyo (swali la 11).

3. Sijawahi kuiona kabisa. Nianze na ipi?

Usianze na ya kwanza kurushwa, "The Man Trap". Ni hadithi ya dude linalofyonza chumvi mwilini mwa watu. Inatisha kidogo, lakini haikuonyeshi tamthilia yenyewe ilivyo.

Anza na "Balance of Terror", halafu "The Devil in the Dark", halafu "The Trouble with Tribbles". Hizo tatu zinakupa vita, huruma na kicheko, na ukishazimaliza utakuwa umewajua Kirk, Spock na McCoy kwa tabia zao. Hapo ndipo uingie "The City on the Edge of Forever". Watu wengi husifiwa hiyo ya mwisho, wakaikimbilia usiku wa kwanza, wakatoka wanauliza kelele zote ni za nini. Haijakolea kwa sababu uchungu wake umejengwa juu ya urafiki wa watu ambao bado hawajawazoea.

4. Nifuate mpangilio wa kurushwa au wa kutengenezwa?

Ukishaonja zile za swali la 3 na kutaka kuzitazama zote, fuata wa kutengenezwa, hasa kwa msimu wa kwanza. Kituo kilirusha sehemu kwa kuchanganya, ndiyo maana mtazamaji anayefuata tarehe anakutana na mambo yasiyoeleweka. Mfano ulio wazi ni "Where No Man Has Gone Before". Ilipigwa kama sehemu ya majaribio kabla ya zote za msimu, lakini ikarushwa ya tatu, tarehe 22 Septemba 1966. Ukiitazama ya tatu utashtuka: sare ni tofauti, McCoy hayupo na mahali pake kuna Dokta Piper, na kwenye jiwe la kaburi jina la nahodha limeandikwa kwa herufi R katikati badala ya T. Ukiitazama ya kwanza, hayo yote yanakaa sawa isipokuwa hiyo R, ambayo ni kosa tu.

"The Corbomite Maneuver" nayo ilitengenezwa mara baada ya hiyo, ikacheleweshwa hadi tarehe 10 Novemba 1966. Itazame ya pili. Humo Kirk anajiokoa kwa kudanganya bila kupepesa macho, na ndipo unapomjua kwamba ni mcheza karata.

Msimu wa pili na wa tatu mpangilio hauna uzito. Chekov, kijana wa Kirusi aliyechezwa na Walter Koenig, anaingia msimu wa pili, basi.

UHURA NA KISWAHILI

5. Jina la Luteni Uhura ni la Kiswahili kweli?

Limetoka kwenye Kiswahili, ingawa lenyewe si neno la Kiswahili. Nichelle Nichols, aliyemcheza Uhura, ofisa wa mawasiliano wa Enterprise, alipokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa amebeba kitabu chenye jina *Uhuru*. Neno likapendwa, Roddenberry akalilainisha mwisho, likawa Uhura. Kumbuka majira yenyewe: Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka mitano ya uhuru, Kenya haijatimiza mitatu.

Jina la Nyota, ambalo vijana wanalijua, halitamkwi hata mara moja katika sehemu zote 79. Kwenye skrini lilisikika kwanza katika filamu ya mwaka 2009.

6. Nimeambiwa Kiswahili kinazungumzwa ndani ya meli. Wapi?

Sehemu mbili. Ya kwanza ni "The Man Trap". Lile dude la chumvi lina uwezo wa kujigeuza umbo la mtu unayemfikiria. Linamkuta Uhura ameshikwa na upweke, linajigeuza kijana mtanashati na kumsemesha kwa Kiswahili, naye anajibu. Maneno yanapita haraka na lafudhi si ya mwambao, kwa hiyo rudisha nyuma usikilize mara ya pili. Tunaomba msilicheke tukio hilo. Angalia linamaanisha nini: karne kadhaa mbele, mwanamke akiwa mpweke angani, lugha inayomfikia moyoni ni hii yetu.

Ya pili ni "The Changeling", ya tarehe 29 Septemba 1967. Mashine iitwayo Nomad inafuta kumbukumbu yote ya Uhura, na Muuguzi Chapel anaanza kumfundisha kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Uhura anateleza na kuingia kwenye Kiswahili, anaambiwa arudi kwenye Kiingereza. Kisha anakutana na neno la rangi ya buluu, *blue*, na kulisoma "blu-i".

Watazamaji wa huko hudhani hilo ni la kuchekesha tu. Mtu wa Tanga analisikia kwa sikio lingine. Kwetu kila irabu iliyoandikwa inatamkwa, hakuna ya kupamba. Mtoto wa Makorora aliyejifunza a-e-i-o-u kabla ya kukutana na Kiingereza hawezi kuiacha ile e ya mwisho bila kuigusa. Kama mwandishi alilikusudia au lilijitokea lenyewe, mwalimu yeyote wa shule ya msingi atalitambua. Ni sekunde chache, na kwetu ni miongoni mwa sekunde za thamani kuliko zote katika tamthilia hii.

Udhaifu uko palepale: ndani ya muda mfupi Uhura amesharudi kazini kana kwamba hakupoteza kitu. Mtu kafutiwa maisha yake yote, na hadithi ikapita bila kumlilia. Kwa kipimo chetu (swali la 2), sehemu hii inaanguka.

7. Lile busu la Kirk na Uhura mnalionaje?

Liko katika "Plato's Stepchildren", 22 Novemba 1968. Kihistoria lina uzito: televisheni ya Marekani ya siku zile ilikuwa haijazoea kuonyesha midomo ya mweupe na mweusi ikikutana. Lakini ndani ya hadithi hakuna aliyechagua. Watu wenye nguvu ya kusukuma miili kwa akili wanawalazimisha wawili hao kwa ajili ya burudani yao. Tunaheshimu tarehe, sehemu yenyewe hatuipendi. Anayestahili kutazamwa humo ni Michael Dunn kama Alexander, mtumwa na kichekesho cha watawala wale, ambaye anapewa nafasi ya kupata nguvu kama zao na kuikataa.

Ukitaka kumwona Uhura akiwa na nafasi yake, tazama "Mirror, Mirror". Na ukitaka sauti yake ya kuimba, "Charlie X".

8. Ni kweli Nichols alitaka kuacha?

Ndiyo, baada ya msimu wa kwanza. Nichols mwenyewe amesimulia kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King Jr., aliyemweleza maana ya mwanamke mweusi kuonekana kila wiki akiwa ofisa, wala si mtumishi wa jikoni. Kuanzia mwaka 1977 alifanya kazi na NASA ya kuhamasisha wanawake na watu wa rangi waombe uanaanga.

SEHEMU TUNAZOZITETEA

9. Kwa nini "The City on the Edge of Forever" inatajwa kuwa bora kuliko zote?

Kwa sababu uamuzi wake hauna mlango wa nyuma. McCoy, akiwa amejidunga kwa bahati mbaya dawa kali, anapita kwenye lango la wakati na kubadili historia. Kirk na Spock wanamfuata hadi New York ya mwaka 1930, katika majira ya njaa na ukosefu wa kazi. Wanapokewa na Edith Keeler, mwanamke anayewalisha maskini, aliyechezwa na Joan Collins. Kirk anampenda. Spock anagundua kwamba Edith akiishi, harakati zake za amani zitaichelewesha Marekani kuingia vitani, na Ujerumani ya Hitler itapata bomu la atomiki kwanza. Lazima afe, na atakufa kwa kugongwa na gari barabarani.

Tazama mikono ya Kirk dakika ile. Hamsukumi Edith. Anachofanya ni kumkumbatia McCoy kwa nguvu ili asimwokoe. McCoy, ambaye hajui lolote, anamuuliza kama anaelewa alichokifanya, na Spock ndiye anayejibu kwamba anaelewa. Kirk hana neno.

Ilirushwa tarehe 6 Aprili 1967 na kupata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kubuni za kisayansi, mwaka 1968. Mwandishi wake, Harlan Ellison, hakuridhika na jinsi mswada wake ulivyoandikwa upya na wengine. Mswada wake wa awali nao ulipata tuzo ya chama cha waandishi. Kwa hiyo wanaobishana kuhusu upi ni bora wana tuzo mbili za kushikilia.

10. "The Devil in the Dark" ina nini cha ajabu? Si dude la pangoni tu?

Ni dude la pangoni kwa nusu saa ya kwanza. Wachimba madini wa sayari ya Janus VI wanauawa mmoja mmoja, zaidi ya hamsini, na kitu kinachotoboa mwamba kwa tindikali. Spock anaunganisha akili yake na kiumbe hicho, kiitwacho Horta, na kugundua kwamba yale mawe ya mviringo ambayo wachimbaji wamekuwa wakiyavunjavunja kwa maelfu ni mayai. Kila baada ya miaka 50,000 Horta wote hufa, anabaki mmoja wa kuyalinda. Muuaji ni mama.

Ukiitafsiri kwa Kiswahili, sehemu hii inapata nguvu ya ziada, na hili tunawasisitizia wote wanaosimulia mbele ya watu. Mwanzoni wachimbaji wasemeshe kwa ngeli ya dude: *limeua, limepita hapa, lipigwe*. Usiteleze hata mara moja. Baada ya Spock kushika mwamba wake na kulia kwa maumivu yake, badilisha: *ameumia, anawalinda wanawe, asiguswe*. Kutoka *li-* kwenda *a-*. Watu watahisi mgeuko huo kabla hawajajua kilichobadilika. Msimuliaji akianza na "ameua" tangu mwanzo, amekwisha kuitoa siri.

Anayeujua ubavu wa Mapango ya Amboni atauliza mbona kuta za mahandaki haya ni laini na mviringo hivyo. Amboni ni chokaa iliyoliwa na maji kwa muda mrefu, ndiyo maana ina makunyanzi, nguzo na nyufa. Mahandaki ya Horta yametobolewa kwa mara moja na mwili mmoja wa upana uleule, kwa hiyo ulaini wake ni sahihi. Sakafu tambarare kama ya ukumbi, hiyo hatuitetei.

McCoy anamtibu kidonda kwa zege, akitumia mwiko wa fundi. Usimkose.

11. Ile hesabu ya Spock ya tribbles ni sahihi?

Sahihi kabisa. Katika "The Trouble with Tribbles" (29 Desemba 1967, mwandishi David Gerrold), Spock anasema ghalani wamo tribbles 1,771,561, viumbe vidogo vya manyoya vinavyozaana upesi. Anaanza na mmoja, kila mmoja anazaa kumi, kila saa 12, kwa siku tatu. Siku tatu ni vizazi sita. Kila kizazi, mmoja anakuwa kumi na mmoja, yaani yeye na wanawe kumi:

1 → 11 → 121 → 1,331 → 14,641 → 161,051 → 1,771,561.

Makosa ya kawaida ni kuzidisha kwa kumi badala ya kumi na moja, ukapata milioni moja kamili. Umemsahau mzazi. Hesabu inadhani pia kwamba hakuna anayekufa wala anayekosa chakula, na hadithi inajua hilo: tribbles wengi ghalani wamekufa, na kufa kwao ndiko kunakofichua kwamba nafaka ilitiwa sumu. Aliyewahi kufungua gunia la mahindi akakuta dumuzi amegeuza nusu yake unga hahitaji kuelezwa tishio lenyewe.

Kwa kanuni yetu hii ingeshuka, maana hakuna anayepoteza kitu. Lakini kila kichekesho chake kinasukuma kisa mbele, hata wale tribbles wanaoendelea kumwangukia Kirk kichwani mmoja mmoja. Waliokuwa juu walikuwa wakirusha tu bila kuona kama wametosha.

12. "Balance of Terror" ni ya kivita tu?

Ni vita vya nyambizi vilivyohamishiwa angani. Meli mbili zinawindana, moja haionekani. Mara ya kwanza adui, Waromulan, wanaonekana sura, zinafanana na ya Spock, na papo hapo ofisa mmoja anaanza kumshuku mwenzake wa siku zote. Kamanda wa adui, Mark Lenard, amechoka na vita kuliko Kirk. Mwanzo wa sehemu ni harusi, na bwana harusi ndiye pekee anayekufa ndani ya Enterprise. Kirk anakwenda kumwona bibi harusi na hana la maana la kusema.

Kasoro: watu wanazima mitambo na kunong'ona wasisikike na adui. Angani hakuna hewa ya kupitisha sauti. Tumeisamehe.

TUNAZOBISHANIA

13. "A Private Little War" mnaipa alama gani?

Hii ndiyo inayotugawa kuliko zote, na inastahili.

Ilirushwa tarehe 2 Februari 1968, Marekani ikiwa katikati ya vita vya Vietnam, na ilikusudiwa kusomwa hivyo. Kwenye sayari ya watu wa pinde na mishale, Waklingon, mahasimu wa watu wa Kirk, wanawapa wanakijiji magobori kwa siri ili wawatawale watu wa milimani. Rafiki wa zamani wa Kirk, Tyree, ni wa milimani. McCoy anapinga. Kirk anaamua kuwapa wa milimani silaha zilezile, idadi ileile, kila adui akiongeza naye aongeze, ili mizani isiegemee upande wowote. Mwisho anaagiza magobori mia, na uso wake unaonyesha kwamba anajua anachopeleka.

Wanaoitetea wanasema: hapa ndipo kipimo cha swali la 2 kinapofika kilele. Hakuna ushindi, na nahodha hajidanganyi.

Wanaoipinga, na hoja yao ina mashiko hasa ukiwa umekaa Tanga, wanauliza: wanakijiji wako wapi? Pwani hii, kuanzia hapa kupita Pangani hadi Bagamoyo, ndiyo iliyopitisha magobori kwenda bara katika karne ya 19, misafara ikirudi na pembe na watumwa. Jamii iliyopata bunduki kwanza iliigeukia jirani yake. Mtazamaji wa huku anaijua hadithi hiyo kutoka upande wa anayepokea bunduki, na tamthilia inaionyesha kutoka upande wa anayezigawa. Tyree anafika kuzitaka baada ya mkewe kuuawa, lakini mpango wa kuzileta ulishapangwa na wageni wawili wanaobishana juu ya kichwa chake.

Msimamo wetu: itazameni, na iachieni muda wa mjadala. Itoeni kwenye usiku wa sehemu tatu mfululizo (swali la 17).

14. "Let That Be Your Last Battlefield": nani ni nani?

Bele ni mweusi upande wake wa kulia. Lokai ni mweupe upande wake wa kulia. Pima kwa mkono wao, usipime kwa kulia kwako unayetazama. Kirk na Spock wenyewe hawaioni tofauti mpaka Bele awaonyeshe, na mshangao wao ndio hoja nzima ya sehemu. Wanaporudi sayari yao ya Cheron wanakuta wote wameuana, na bado wawili hao wanaendelea kukimbizana. Tatizo ni kwamba hoja imeshafika mapema, kisha zinafuata dakika nyingi za kukimbia kwenye ujia wa meli.

15. Msimu wa tatu ni mbovu kama wasemavyo?

Umeshuka, na sababu zinajulikana. Bajeti ilikatwa. Roddenberry alijiweka pembeni na uendeshaji wa kila siku, Fred Freiberger akapewa usukani. Kituo kikaihamishia Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana walioipenda wako nje ya nyumba. Ulipatikana kwa sababu mashabiki waliandika barua kwa wingi kupinga tamthilia kufutwa.

Ruka "And the Children Shall Lead" na "The Way to Eden". "Spock's Brain", ambamo ubongo wa Spock unaibiwa na mwili wake unatembezwa kwa rimoti, ilikuwa ndiyo ya kufungua msimu. Lakini usiutupe msimu mzima. "The Enterprise Incident" ni ya kijasusi safi. "The Tholian Web" inamwacha Spock na McCoy bila Kirk, na McCoy analazimika kumheshimu. "All Our Yesterdays" inampa Spock mtu wa kumpenda miaka elfu tano kabla ya wakati wake, na kumnyang'anya.

KUTAZAMA NA KUSIMULIA

16. Nimeletewa diski kutoka Marekani, mashine inazikataa. Kwa nini?

Kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa. Diski za DVD za Marekani ni kanda ya 1, mashine za Tanzania ni kanda ya 5. Kwa Blu-ray, sisi ni B na Marekani ni A. Kabla ya kuagiza, tazama alama ya dunia ndogo yenye namba nyuma ya kasha. Ukitumia kompyuta, kiendeshi chake cha diski huruhusu kubadili kanda mara tano tu, baada ya hapo kinakaa kwenye ile ya mwisho milele. Usizimalize kwa majaribio.

Mambo mengine mawili ya kukagua. Urefu: sehemu kamili ni kama dakika 50, ukiona 43 au 44 ujue imekatwa ili matangazo yaingie. Umbo: picha ilipigwa kwa 4:3, kwa hiyo weusi pembeni ni halali yake. Ukilazimisha ijaze skrini, Enterprise inakuwa sahani.

Kuanzia mwaka 2006 ilitolewa ikiwa imesafishwa, picha za angani zikachorwa upya. Seti za Blu-ray zinakuruhusu kuchagua za zamani au mpya. Chagua mpya kwa "The Doomsday Machine" pekee, ambayo meli yake iliyoharibika ilikuwa modeli ya plastiki ya dukani iliyounguzwa. Kwingine baki na za zamani, zina mwanga mmoja na waigizaji.

17. Nataka kusimulia kwa Kiswahili mbele ya watu barazani. Nisimamishe wapi?

Kila sehemu ina utangulizi mfupi kabla ya wimbo, kisha vitendo vinne. Simamisha mara baada ya utangulizi, taja nani ni nani na wako wapi, halafu mwishoni mwa kila kitendo. Skrini inaingia giza, ndipo mahali pa matangazo. Usisimamishe katikati. Nahodha mara nyingi hufungua kitendo kwa kusoma kumbukumbu za safari, akirudia yaliyopita. Hapo wewe nyamaza, tafsiri anachosema tu, na waliochelewa wataelewa.

Sehemu tatu kwa usiku zinatosha, na ya mjadala iwe peke yake. Kosa linaloua usiku ni msimuliaji kuvujisha siri kwa sauti yake mwenyewe. Swali la 10 lina mfano.

18. "Logic" ya Spock niiteje? Na yale maneno mengine?

*Mantiki.* Ukisema "akili", umemwambia McCoy kwamba hana akili, na ugomvi wao unageuka matusi. Spock anamlaumu mwenzake kwa kutofuata mantiki. Hajawahi kumwita mjinga.

McCoy anapotangaza kifo kwa Kirk, msomee "amefariki" kama ni mtu wa meli, maana ni daktari anayempa habari bosi na rafiki. "Amekufa" ibakie kwa wanyama na maadui. Spock aseme "Nahodha" daima. McCoy peke yake kwa kawaida ndiye anayemwita Jim, na akifanya hivyo usimtilie "Nahodha" mdomoni, ukaribu wao umo humo. McCoy mwenyewe mwite Dokta. "Mganga" lilikuwa neno la serikali na bado limo kwenye vyeo, lakini barazani litaleta picha ya tunguri.

Kuhusu ile kauli maarufu ya kumwambia Scotty, mhandisi wa meli, awapandishe melini: kwa maneno yale yanayonukuliwa, haimo katika sehemu hata moja. Usiiongeze.

19. Zipi si za watoto?

"Wolf in the Fold" ina mauaji ya wanawake kwa kisu, na "Operation – Annihilate!" ina vitu vinavyorukia mgongoni. Zisubiri.

20. Tarehe za nyota zinahesabiwaje?

Zile namba anazosoma nahodha kwenye kumbukumbu za safari hazihesabiki. Ziliwekwa makusudi bila uhusiano na kalenda, na haziendi kwa mpangilio. Zitamke ulivyozisikia, upite.

21. Kuna sehemu ya 80?

Kuna "The Cage", jaribio la kwanza kabisa, ambalo NBC ililikataa. Nahodha ni Christopher Pike, aliyechezwa na Jeffrey Hunter, na msaidizi wake ni mwanamke. Vipande vyake vilitumika ndani ya "The Menagerie" ya Novemba 1966, lakini yenyewe nzima haikurushwa hadi mwaka 1988. Itazame baada ya "The Menagerie", vinginevyo utalijua fumbo lake mapema. Na uwe macho wanapotua juu ya sayari: kuna majani ya buluu yanayovuma kama yanaimba, Spock anayashika yakanyamaza, na anatabasamu meno yote nje.